Mzimu wa Bi Time

Umewahi kumsikia chura akilia pasipo na maji? Sisemi penye dimbwi lililokauka, wala mtaro uliopita maji jana. Nasema mahali ambapo maji hayajapata kutuama tangu dunia iumbwe, majani tu yameangukiana mwaka juu ya mwaka.

Kwetu huku kaskazini ya Pemba, ukishaipita Konde ukaufuata msitu wa Ngezi, yupo. Ni kichura kidogo, anaenea juu ya kidole gumba. Rangi yake ni ya jani lililolala chini likapigwa na mvua mbili tatu, na mgongoni ana doa jeusi kama kiraka. Hapandi mti na haogelei. Anaishi chini, ndani ya majani makavu, na mvua ikishanyesha hulia kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta: kwii, kwii. Ukisimama kumtazama humwoni. Ukipiga hatua, ananyamaza. Ukisimama tena, anaanzia upande mwingine.

Hao vyura ndio waliomleta mgeni kijijini kwetu, na mgeni ndiye aliyemfanya Bi Time aseme neno ambalo hakuweza kulirudisha. Lakini nikianza na mgeni hutaelewa. Ngoja nianze na Saada.

Saada ni mke wa Haroub, yule anayechukua samaki Tumbe na kuwauza kwa baiskeli hadi Konde. Bi Time ni mama yake Haroub, na ni mkunga. Nusu ya watu wa kijiji chetu wametoka mikononi mwake, na nusu nyingine wanamwamkia kana kwamba nao wametoka humo. Nyumba yao ni ya mwisho kabisa, nyuma yake ni shamba la mikarafuu la marehemu Mzee Talib, mumewe Bi Time. Shamba hilo tangu mwenyewe afe limerudi nusu msitu. Mikarafuu imezeeka, mingine imekauka imesimama, na katikati umejiotea mvule mkubwa ambao majani yake hakuna ayafagiaye. Mpaka wa msitu wa serikali uko hatua chache mbele ya mvule huo.

Masika ya mwaka juzi Saada alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari haikuweza kupita. Bi Time akamzalisha pale pale nyumbani, kitandani kwake mwenyewe. Mtoto alitoka na kila kitu mahali pake, nywele, kucha, hata nyusi, ila hakulia. Bi Time alimpiga nyayo. Akampulizia puani. Akamgeuza kichwa chini, akamsugua mgongo kwa kitambaa cha moto. Hakulia.

Saada akakunjua mikono, kama mtu aliye chini ya ngazi anayengoja kupokea mzigo kwa aliye juu. Bi Time akamwambia, "Lala, mwanangu. Lala."

Nyumba ile ina desturi yake, na Bi Time aliikuta kwa mama mkwe wake. Mtoto asiyelia haonyeshwi mamaye. Mama haambiwi ni wa kike au wa kiume, wala haambiwi alipolazwa. Wanasema jicho la mama likishamkamata, tumbo halimwachii tena, na wanaofuata nao hutoka kimya. Hayo si ya dini, muulize shehe yeyote atakwambia. Ni ya nyumba ile tu. Lakini desturi ya nyumba ina meno, hasa kwa mke aliyekuja na shuka mbili na sanduku tu.

Basi Bi Time alimwosha mtoto, akamvisha kipande cha bafta nyeupe, akambeba mwenyewe kifuani chini ya kanga. Wanaume walikuwa Tumbe, makaburini ni mbali, na njia ilikuwa tope tupu. Akaenda naye chini ya mvule. Udongo wa pale ni mwororo, unachimbika kwa mkono. Alipomaliza kumlaza, aliweka mawe mawili ya matumbawe aliyokwenda nayo, moja kichwani na moja miguuni, mawe madogo ya kuenea kiganjani. Kisha akavuta majani juu yake hadi pakawa kama pengine pote.

Haroub aliporudi akaambiwa. Mama yake alitaka kumtajia mahali, akamzuia. "Usinambie, mama. Nikijua nitasema." Ndivyo ilivyokuwa. Aliyejua ni mmoja.

Saada hakulia mbele za watu. Alirudi kwenye kazi zake baada ya arubaini, akaanika, akapika, akapeta. Lakini alichokitaka kilimkaa usoni, kila mtu alikiona. Alimtaka mwanawe, na kwa kuwa hakuweza kumpata, alitaka japo ajue amelala wapi. Kusema hakusema. Mkwe hamsemeshi mama mkwe hivyo. Alizunguka tu. Siku moja wanachambua mchele ukumbini akauliza, macho yakiwa kwenye ungo, "Mama, hivi watoto wachanga siku hizi huzikwa wapi?"

Bi Time akajibu, "Mchele huu una mawe. Tazama vizuri."

Siku nyingine alisema ameota mtoto anaona baridi. Bi Time akamwambia watu wote wanaona baridi, ni masika. Na mimba nyengine haikuja. Bi Time akawa anamtazama tumbo kwa jicho la pembeni, na Saada akawa anaitazama mikono ya Bi Time. Ndivyo walivyokaa, chungu kimoja, miaka miwili.

Sasa ndipo akaja mgeni. Msichana wa Kihindi, jina lake Nidhi, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, viatu vya mpira hadi magotini. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Wete zamani, kabla hawajahamia Dar es Salaam, hivyo Kiswahili chake kilikuwa hakina tabu. Alikuja na ruhusa zake zote kuwatafuta vyura wanaoishi chini msituni, na Jecha, anayewatembeza wageni Ngezi, ndiye aliyepewa kazi ya kumchimbia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanafukia ndoo ardhini mpaka mdomo wake ulingane na udongo, chini wameitoboa ili maji ya mvua yatoke. Kutoka ndoo hadi ndoo wanasimamisha uzio wa nailoni unaofika nusu ya goti. Chura akitembea akakutana na uzio haruki, anaufuata, anaufuata, mwisho anatumbukia. Asubuhi wanakwenda kuwatoa, wanawapima kwa rula, wanawaachia.

Jecha hajui kunyamaza. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Kwa hiyo babu yako aliuza kanga Wete, baba yako anauza simu Dar, na wewe umekuja kununua vyura. Waona mwenyewe biashara inavyoshuka."

"Sinunui," Nidhi akasema. "Napima, naachia."

"Ndiyo maana nikasema inashuka."

Saada alichukuliwa kuwa msaidizi kwa sababu nyumba yao ndiyo iliyo karibu na msitu, na kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumwacha. Hilo la pili Jecha alilisema hivi hivi, bila ubaya, na Saada akajifanya hakulisikia. Akajifunza kumshika chura asimuumize, kumkalisha kwenye rula, kumrudisha chini ya jani alikotoka. Nidhi alimpenda kwa utulivu wake. Wakawa wanakwenda wote kila asubuhi, mmoja na ndoo, mmoja na karatasi zake zilizotiwa nailoni.

Siku moja Nidhi aliinua jani pana, akamwita. Chini yake palikuwa na kishimo kidogo, kama kilichobonyezwa kwa kidole, na ndani yake mayai. Si yale ya uteute yanayoelea mtaroni. Haya yalikuwa meupe, makubwa kuliko unavyotarajia kwa mama mdogo kama yule, yamekaa kama punje za mahindi machanga.

"Hao viluwiluwi wataogelea wapi?" Saada akauliza.

"Huyu hana kiluwiluwi. Miguu inaota ndani ya yai, humo humo. Siku akitoka, ametoka chura kamili, mdogo kama chembe ya mchele."

Saada akachutama. Akatazama muda. "Na asipotoka?"

"Yai linafanya ukungu. Linaishia hapo."

"Mama yake anajua?"

"Hilo sijui, dada Saada. Wapo wanaokutwa karibu na mayai. Kama wanajua, sijui."

Saada akalirudisha jani taratibu, kama anayefunika chungu kilicho motoni.

Ndoo za mwanzo hazikukamata wengi. Nidhi akataka kusogea penye majani mazito zaidi, na hakukuwa na majani mazito kama ya chini ya mvule, katika shamba la marehemu. Jioni ile Saada anamenya muhogo na mama mkwe wake, akasema kama habari ya kawaida, "Kesho tunachimba kwenye mvule, mama. Nidhi atakuja kukuomba ruhusa."

Kisu cha Bi Time kilisimama. Kisha kikaendelea. "Vizuri," akasema.

Kulipokucha hakungoja kuombwa. Walipofika na majembe wakamkuta kasimama chini ya mvule, kanga ameikaza kichwani. Wakaamkiana kama inavyopasa, wakaulizana hali, mvua, usingizi. Halafu Bi Time akasema, "Hapa hapachimbwi."

"Kwa nini, bibi?" Nidhi akauliza. "Nitafukia vizuri kila shimo. Hata majani nitayarudisha."

Bi Time hakuwa amepanga la kusema. Hilo alinieleza mwenyewe baadaye. Alimwona Saada amesimama nyuma na jembe begani, na ulimi ukachukua kilichokuwa karibu. "Pana nzimu," akasema, kwa Kipemba chetu.

Jecha akacheka. "Mzimu? Bi Time, mimi nimezaliwa hapa, sijausikia."

"Wewe umezaliwa jana."

"Na Mzee Talib alikuwa akichuma karafuu juu ya mzimu?"

"Alikuwa akiuomba radhi kwanza," Bi Time akasema. "Mambo ya watu wazima hayo. Ondokeni."

Nidhi hakubishana. Aliomba samahani, akasogeza ndoo zake upande wa pili wa njia. Bi Time akarudi nyumbani akaketi kibarazani, akidhani yamekwisha.

Kama wewe si wa kwetu, ujue hivi. Ngezi ina mizimu yake, na mizimu ina watu wake. Mzimu ni mahali wanapopeleka shida zao wale wanaoamini, na ubani, na marashi, na halua kidogo. Kila mzimu una mwenyewe anayeutunza, na kabla mtu hajaomba chochote lazima pafagiwe. Si kufagiwa kwa kuonyesha. Pafagiwe pabaki udongo mtupu, lisionekane jani hata moja, na wanaofagia ni wanawake. Mzimu usiofagiwa, wanasema, hukasirika, na hasira zake hazichagui.

Mwenye mizimu ya upande wetu ni Mzee Kificho. Jecha alipokwisha kusimulia kwenye kahawa, Mzee Kificho hakumaliza kikombe chake.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia una nzimu, Bi Time." Aliketi, fimbo akailaza mapajani. "Miaka yote hii natembea msitu huu, baba yangu kautembea, na sisi hatukuujua. Umeupata wapi, dukani?"

"Ni wa upande wa marehemu," Bi Time akasema. "Mdogo tu. Hauna makuu."

"Nzimu mdogo. Kama mbuzi." Mzee Kificho akatikisa kichwa. "Unafagiwa lini?"

"Huu haufagiwi. Ndivyo ulivyo."

"Kila nzimu unafagiwa. Usiofagiwa huo ni jaa." Akamtazama. "Mwaka huu mikarafuu imetoa majani matupu. Unajua hilo? Watu wameniuliza, nami nikawa sina la kuwajibu. Sasa jibu nimelipata. Upo nzimu hapa wenyewe wamekaa nao kimya, majani yameufunika kama maiti asiye na jamaa."

Bi Time angesema nini? Akisema ni uongo, ataulizwa alikuwa anaficha nini pale. Na Saada alikuwa amesimama mlangoni na buli la chai.

"Jumatano tutakuja kuufagia," Mzee Kificho akasema. "Waambie wanawake. Na huyu mkwe wako naye aje, mikono bado ina nguvu." Akapokea chai yake, akaisifu.

Haroub alipofika na baiskeli yake inayonuka samaki, mama yake alimvuta uani. Mkewe alikuwa kisimani.

"Mwambie," Haroub akasema alipokwisha kusikia. Ndipo alipojua na yeye mwanawe alipo, na hakutaka kujua. "Mwambie kabla ya Jumatano."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemwacha mwanawe vichakani, na sasa nimempa jina la shetani? Kwamba watu watamfukizia ubani?"

"Basi kayatoe mawe."

"Nikayatoe, nisijue hata mimi alipo?" Bi Time akafunika uso kwa kanga. "Nikitembea pale sasa hivi nitaonekana. Njia nzima wanapita kuutazama huo mzimu."

Na kweli walipita. Hakuna aliyeuona mzimu, lakini kila mmoja aliona kitu. Mmoja alisikia mlio kama wa mlango unaofunguliwa chini ya ardhi, akarudi mbio. Ni wale vyura. Walikuwapo siku zote, ila sasa walikuwa na maana.

Jumatano jua lilitoka kali, la baada ya mvua. Tulikwenda wanawake kiasi, na mimi nilikuwamo, kila mmoja na ufagio wake wa chelewa. Mzee Kificho alisimama pembeni na chetezo, maana mwanamume hafagii, lakini jicho lake lilikuwa linafagia kuliko sote. Nidhi naye alikuja. Alivua kofia, akamwendea.

"Mzee, nakuomba. Huu ndio wakati wao wa mayai. Majani yakiondoka, jua litayakausha yote kabla ya adhuhuri."

"Binti yangu, hapa nani katangulia, chura au nzimu?"

"Chura," Nidhi akasema.

Wanawake tulicheka chini kwa chini, tukaziba midomo kwa kanga. Mzee Kificho hata yeye alitabasamu. "Basi atavumilia. Mwenyeji ndiye anayevumilia."

Tukaanza. Majani ya juu yalikuwa makavu, yaliondoka kama karatasi. Ya chini yake yalikuwa meusi, yameshikana, yanatoa mvuke na harufu ya uyoga. Huko ndiko walikokuwa. Walirukaruka mbele ya fagio zetu, wengi kuliko nilivyowahi kudhani, wanakimbilia penye majani, na penye majani napo panafagiwa. Wengine walikwenda na takataka hadi kwenye rundo. Mayai yalibaki juu ya udongo mtupu, meupe, yanang'aa, kisha yakaacha kung'aa. Nidhi alikuwa anatambaa kwa magoti katikati ya miguu yetu, anayaokota kwa kijiko na kuyatia ndani ya kifuniko chenye majani mabichi. Alikuwa analia bila sauti. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Pole, mwanangu, ni vyura tu," kwa nia njema kabisa.

Vile vilio vya bawaba vilikatika kimoja kimoja. Tulipofika karibu na shina hapakuwa na sauti ila ya chelewa.

Bi Time alikuwa amefika kabla yetu sote. Alichagua pahali pake upande wa mashariki wa mvule, na pale pale alisimama, anapitisha ufagio mbele ya miguu yake, huku na huku, bila kusogea. Udongo wa mbele yake ulikuwa umeshakwanguka. Nyuma yake na chini ya nyayo zake majani yalikuwa kama yalivyo.

Saada alikuwa anakuja kwa upande ule, ameinama. Alipomfikia akangoja.

"Mama, sogea kidogo."

"Hapa nimeshafagia."

"Bado pana majani, mama. Hapo unaposimama."

"Nimesema nimeshafagia. Nenda kule."

Saada hakwenda. Sijui kwa nini hakwenda. Labda kwa kuwa hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akimsemesha kwa sauti ile, sauti ya kuomba. Mzee Kificho akaliona jambo, akaita kutoka pembeni, "Bi Time, mpishe mkweo. Nzimu hauachwi na kiraka."

Wote tukasimama tukamtazama. Bi Time akatutazama sisi, mmoja mmoja, watu aliotuzalisha na kutuzalishia. Kisha akaketi. Aliketi chini, juu ya majani, na nguo zake nyeupe, akatandaza mikono pande mbili kama kuku anayetamia. Akaanza kutetemeka.

"Amepandwa," mwanamke wa nyuma yangu akanong'ona. Ufagio wa kwanza ukaanguka, na wa pili. Mzee Kificho akaja haraka kuliko umri wake, moshi wa ubani unamfuata, akauzungusha juu ya kichwa cha Bi Time.

"Tumekuja kwa heri," akasema kwa sauti nyengine, ya kazi yake. "Tulikuwa hatujui kama upo. Tumekujua leo, tumekuja. Sema unataka nini. Kama ni halua, ipo. Kama ni marashi, yapo. Sema."

Bi Time machozi yalikuwa yanamtoka, yanapita kwenye makunyanzi kama maji yapitavyo njia yake.

Saada alichutama kumshikilia asianguke upande. Akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, mkono ukaingia kwenye majani kutafuta pa kujikita. Ukagusa jiwe. Udongo wa pale ni mwekundu, hauna mawe kabisa, kila mtu aliyelima pale anajua. Akaligeuza kwa vidole. Lilikuwa na vitundu vya tumbawe, la pwani. Akautoa mkono pale, akaupeleka taratibu chini ya upindo wa kanga ya mama mkwe wake, kwenye mguu, kiasi cha dhiraa hivi, kama mtu anayejua atakachokikuta. La pili lilikuwapo.

Hakuliinua. Aliliacha mahali pake, kiganja kimelifunika. Akamtazama Bi Time. Na Bi Time, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiyaepa macho yale, hakuyaepa.

"Wa kike," Bi Time akasema.

Watu wakaguna. Mzee Kificho akatugeukia. "Ni mwanamke," akatueleza, "nzimu ni wa kike." Akarudi kwa Bi Time, akainama, chetezo kinamfukiza uso kwa moshi. "Haya, bibi. Tumekusikia. Sasa sema, ulikuwa unataka nini?"

Moshi ulikuwa unapita kati yao. Nidhi alisimama, kifuniko cha mayai mkononi. Mimi nilikuwa karibu, niliona vidole vya Saada vikilibana jiwe. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atampiga mama mkwe wake mbele ya watu wazima, na hakuna ambaye angemzuia.

Saada akajibu yeye. Hakuinua sauti, hata waliokuwa nyuma ilibidi wasogee.

"Nilitaka kumshika," akasema. "Hata amekufa. Nilitaka mnipe nimshike kidogo, niujue uzito wake, ndipo mkamzike."